Jicho la Kushoto la Mariam Poni

Bado wapo watu Koboko wanaosema kwamba Mariam Poni alimlaani mke mwenzake hadi taya zikajifunga. Wanayasema hayo sokoni, vikombe vya chai mkononi, kama watu wanaozungumzia mvua. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo. Mariam alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Celestino Soka, na nyumba ya Soka haijawahi kuitwa mbele ya wazee kwa habari ya sumu wala uchawi. Kwa hiyo naandika jinsi ilivyokuwa. Anayetaka kubisha aje kwangu Ombaci, aketi, abishe akiniangalia usoni.

Mariam alizaliwa Lobule, kwenye mashamba ya muhogo na simsim. Kwa baba yake aliitwa Poni tu. Akiwa bado msichana aliolewa na Sajini Yugu, akaingia katika Uislamu, akapata jina la Mariam, akalifuata jeshi kutoka kambi hadi kambi. Kiswahili chake alikipata huko kambini, nacho ndicho tulichozungumza mimi na yeye, kwa sababu mimi ni Mlugbara na yeye alikuwa Mkakwa. Yugu alipooa mke wa pili, jina lake Afisa, Mariam hakupiga kelele. Alimwonyesha mgeni mahali pa kuni, akamwambia, "Hapa iko upande yako, pale iko upande yangu. Ukitaka chumvi, omba. Usiibe." Waliishi hivyo miaka mingi, wakigombana asubuhi na kusukana nywele jioni.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wanajeshi ilipoanguka, familia za wanajeshi ndizo zilizotangulia kukimbia. Yugu alielekea Sudani, homa ikamuua huko. Wake zake wawili walivuka kuingia Kongo na mafurushi kichwani. Huko Kongo ndiko Mariam alikoharibikiwa na jicho la kushoto. Lilikuwa jekundu na lenye tongotongo, jambo la kawaida kwa watu wanaolala kwa msongamano na kunawa kwa maji ya bakuli moja. Jirani yao Alphonsine, mwanamke mwenye huruma, alikamua majani fulani na kumdondoshea utomvu wake. Jicho liliungua.

Mbele ya jicho kuna kioo kidogo kilichobinuka, ambacho madaktari hukiita konea. Hakina hata tone la damu, ndiyo maana kinang'aa. Chakula chake ni machozi yanayokiosha kwa nje na maji yaliyo nyuma yake kwa ndani. Kikichomeka huponya kidonda chake kwa kovu, na kovu halipitishi mwanga. Jicho la kushoto la Mariam lilibaki jeupe kama ugali uliokaukia kwenye sahani. Watu wakasema limekufa, naye akasema hivyohivyo. Mwaka wa themanini na sita, waliporudi nyumbani, jicho la kulia nalo lilikuwa limevimba kwa vumbi na moshi, na ni Afisa aliyemshika mkono njia nzima.

La kulia lilipona. Kwa jicho hilo moja alijitafutia riziki akidarizi mashuka: ndege, maua, majina ya maharusi. Mashuka ya Mariam yalitandikwa hadi Arua mjini. Halafu, polepole, ukungu ukaingia. Alianza kutunga uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi. Alianza kuketi mgongo ukielekea jua. Rangi zikamponyoka, bluu kwanza, maana ukungu wa namna ile ni kama kutazama kupitia chai. Hakumwambia mtu. Alikuwa na kiburi chake, na katika nyumba ya Soka hilo si tusi.

Siku ya soko Koboko, mbele ya wanunuzi, Afisa alilikunjua shuka moja akacheka hadi akashika mbavu.

"Jamani, kuja muone! Ndege ya Mariam iko na miguu tatu! Na majani yake bluu! Ndege ya wapi hii, ya Kongo?"

Soko zima likacheka. Mariam alilikunja shuka lake. Kisha akasema neno lililosikiwa na kila mtu: "Cheka tu. Huo mdomo utafunga."

Lilikuwa neno la hasira, kama yanayotupwa kila siku baina ya wake wenza. Tangu siku ile hawakusemezana.

Habari ile ya ndege iliponifikia ndipo nilipomfuata Lobule. Nilimkuta akijiandaa kwenda mpakani kwa mtu mmoja, Gaspard, aliyekuwa akibandua watu macho kwa unyasi mkali. Gaspard aliamini, kama walivyoamini wengi kwetu, kwamba ule weupe ni ngozi iliyoota juu ya jicho na kwamba inaweza kumenywa kama ngozi ya maziwa. Sikubishana na Mariam. Nilimchukua wifi yangu nikaja naye Ombaci, nikaenda soko la Inde kwa Ocama mchinjaji, ambaye huniuzia macho ya ng'ombe kwa ajili ya somo langu la biolojia.

"Madamu," alisema Ocama akiyafunga katika jani la mgomba, "wenzako wananunua maini, wewe unanunua macho."

"Maini hayafundishi kitu, Ocama."

Nilikata jicho lile kwenye sinia, uani, na kumwacha Mariam alishike kila sehemu, kwa sababu vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vikiona. Alibana ile ngozi nyeupe ya nje, ngumu kama ya ngoma. Alishtuka nilipotoboa kioo cha mbele na maji yakamchuruzikia kiganjani. Nikamwambia kwamba maji yale hutengenezwa humohumo ndani, nyuma ya pazia la rangi, na kutoka kwa vijitundu vya pembeni, kila saa, ili jicho lisimame imara kama mpira uliojaa upepo. Akaligusa lile pazia, jembamba kama kitambaa kilicholowa. Katikati yake kulikuwa na tundu.

"Hii ndiyo mboni," nilisema. "Watu wanadhani ni kitu cheusi. Si kitu. Ni tundu. Jua likiwa kali pazia linalibana, giza likiingia linalipanua."

Alipitisha kidole tunduni. "Kwa hiyo ile nyeusi ni giza tu ya ndani ya nyumba?"

"Ni giza la ndani ya nyumba. Na huu hapa ndio ugonjwa wako."

Nilimwekea lenzi kiganjani. Iko nyuma ya mboni, imening'inizwa kwa nyuzi zisizoonekana, laini juu na ngumu kidogo ndani, ukubwa wa njugu mawe. Aliibingirisha baina ya vidole kwa muda mrefu. Nilimweleza kwamba lenzi ni kama weupe wa yai. Yai bichi unaona ng'ambo yake; yai lililochemka huoni kitu. Yake ilikuwa imechemka kwa miaka. Hakuna ngozi juu ya jicho. Ukungu uko nyuma ya tundu, ndani kabisa, na unyasi wa Gaspard ungekwangua kioo kizima na kuuacha ukungu mahali pake. Nyuma zaidi kuna ute mzito, na mwisho, ukutani, utando mwembamba wa retina, ambapo picha ya dunia huangukia kichwa chini miguu juu, na mshipa mmoja huibeba hadi kwenye ubongo. Ukuta ule wake ulikuwa mzima. Ulikosa mwanga tu.

"Na wakitoa hii, nitaona na nini?"

"Na miwani. Minene, lakini utaona."

Daktari wa macho aliyekuwa akija Arua alikubali kumpasua. Alimweleza kwamba angekata pale kioo kinapokutana na weupe, upande wa juu, aitoe lenzi, kisha ashone. Mariam alikuwa na swali moja.

"Utashona mshono gani, daktari? Ya kupitisha uzi moja kwa moja, au ya fundo moja-moja?"

Daktari alicheka. "Fundo moja-moja, mama. Kwa uzi mwembamba kuliko unywele."

"Vizuri. Moja ikikatika, zingine zinashika."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Aliruhusiwa kuja kwangu na jicho limefunikwa kwa pamba, kitambaa na kibati chenye vitundu, pamoja na masharti: alale chali, asiiname, asinyanyue kizito, asikohoe kwa nguvu, asilie. Masharti hayo nilimkumbusha asubuhi na jioni, naye aliniitikia kama mwanafunzi aliyechoshwa na mwalimu.

Alikuwa bado katika masharti hayo Drani alipoingia uani akisukuma baiskeli iliyojaa vumbi. Drani ni mtoto wa ndugu yake Yugu, mtu mzima mwenye familia yake Lobule. Hakusalimu vizuri. Aliketi kwenye ngazi, akavua kofia.

"Mama," alimwambia Mariam, "mama mdogo Afisa hayuko tena. Tulimzika jana, kwa sharia."

Mariam alikuwa amelala chali kwenye mkeka. Niliona mikono yake ikishika ukingo wa mkeka.

"Amekufa na nini?"

Drani alinitazama mimi kwanza. "Jembe ilimkata mguu shambani. Kidonda ilikuwa ndogo tu. Halafu..." Alijishika shavu. "Mdomo ilifunga, mama. Taya ilikaza. Hata maji ya kijiko haikupita. Mpaka amekufa, mdomo haikufunguka."

Nilijua ugonjwa ule papo hapo: pepopunda, unaoingia kwa udongo kwenye kidonda. Nilijua vilevile kwamba hakuna mtu Lobule aliyekuwa akiufikiria udongo. Walikuwa wakilifikiria soko.

"Tahiru anasema nini?" nikauliza. Tahiru alikuwa kaka yake Afisa, koplo wa zamani, mtu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi.

"Anasema mke mwenza ambaye mikono yake iko safi, atakuja kulia juu ya kaburi. Asipokuja kabla ya matanga kuisha, ama akikuja na asilie, wao watajua. Vijana tayari wanazunguka nyumba ya mama. Wamesema wataibomoa, na yeye asikanyage Lobule tena."

Msomaji asiyetoka kwetu lazima aelewe kulia kunakosemwa hapa. Mfiwa anaanza kupiga mayowe tangu njiani, kabla hajafika. Anaingia mbio. Anajitupa juu ya kaburi kifudifudi, anajimwagia udongo, anabingirika. Shehe wa Lobule alikuwa amewakataza wanawake jambo hilo, nao walimwitikia vizuri wakaendelea. Asiyejitupa huulizwa amezuiwa na nini.

Na jicho lililoshonwa haliwezi kujitupa. Ukiinamisha kichwa, damu inashuka usoni. Ukipiga yowe, kifua kinasukuma. Ukifinya kope, zinalibana jicho kama mkono unaokamua ndimu. Maji ya ndani hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni palepale penye mshono. Mshono ukiachia, pazia la rangi huchomoza nje kama bitana ya koti iliyofumuka, na nyuma yake ute. Baada ya hapo hakuna daktari.

"Hutakwenda," nilimwambia. "Nitakwenda mimi. Nitasema na wazee."

"Wewe si mke mwenza yake."

"Dada, una jicho moja."

"Najua macho yangu iko ngapi." Alisema bila hasira. "Wifi, nikikaa hapa nitakuwa na jicho zuri sana. Nitaona nini nayo? Nitaona watu wananipisha njia. Nitaona watoto yetu wanakosa mtu wa kuwaoa. Hiyo ndiyo picha ya kuweka kwenye ule ukuta yako ya nyuma?"

Nilikuwa nikiifikiria nyumba ya Soka, watoto wa Celestino, jina lao likitamkwa pamoja na neno uchawi. Lakini nililifikiria pia jicho.

"Nitakwenda bila kuinama," alisema. "Leta kibuyu."

"Kibuyu cha nini?"

"Cha maji. Nimebeba maji kichwani tangu niko mdogo. Umeniona siku gani namwaga?"

Nilijaza kibuyu kidogo, cha uzito wa kitabu. Alijiinua kwa upande wa kiwiko, kama nilivyomfundisha, nikamwekea kichwani. Alitembea uani, akapiga magoti, akainuka. Shingo haikutikisika, hata tone halikumwagika. Ndivyo wanawake wetu wanavyopiga magoti mtoni tangu utotoni, mgongo wima, na kila mmoja anafika msibani na kitu cha kusaidia wafiwa. Hakuna atakayeshangaa kuona maji.

Nikamweleza jambo moja zaidi, ambalo sikuwa nimelionyesha kwenye sinia. Machozi hayatoki ndani ya jicho. Yanatoka kwenye tezi iliyokaa juu, upande wa nje, chini ya mfupa wa nyusi, yanapita juu ya kioo na kuingia katika vitundu viwili kwenye kona ya pua. Yakizidi, humwagikia shavuni. Machozi yenyewe hayawezi kuudhuru mshono. Kinachodhuru ni kufinya na kusukuma.

"Kwa hiyo yakija, yaache yaje," nilisema. "Usifinye. Usipige yowe. Fungua mdomo, pumua."

"Yatatoka wapi? Hii imefungwa, na hii ingine imekufa."

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa nikitafuta nguo za safari.

Dereva wa misheni ninakofundisha alitupeleka hadi Koboko, Mariam akiwa kiti cha mbele, mimi nyuma yake nikimshika kichwa kwa mikono miwili kila gari lilipoingia shimoni. Kutoka Koboko tulikataa baiskeli. Tulitembea polepole, Drani akitangulia na kusema kila shimo. Niliona kwamba kila Drani aliposema "shimo," midomo ya Mariam ilitikisika.

Karibu na boma la Afisa nilimwekea kibuyu kichwani. Walikuwa wengi, wanaume upande mmoja kwenye viti na magogo, wanawake chini kulizunguka kaburi bichi. Mlugbara aliyesoma, mwenye viatu, akimshika mkono mwanamke mwenye kibati usoni: walituona kabla hatujaufikia ua. Wakasubiri yowe.

Halikuja. Mariam alitembea wima hadi kwenye udongo mwekundu, akapiga magoti taratibu. Nilishusha kibuyu, nikakiweka kando yake, kisha nikauweka mkono wangu nyuma ya kichwa chake ili kisishuke.

Tahiru aliinuka. Alikuwa amevaa koti la jeshi lililopauka.

"Angalieni," alisema. "Amekuja kuzika, ama amekuja kuchota maji?"

Akaelekeza kidole kwenye kibati.

"Na hiyo kitu kwenye uso iko ya nini? Kwetu mtu hafuniki uso yake mbele ya kaburi. Anajificha kwa dada yangu. Toa!"

Alipiga hatua, mkono umenyoshwa. Nilisimama kati yao bila kuuondoa mkono wangu kichwani mwa Mariam.

"Tahiru, jicho hili limekatwa na kushonwa. Ukiligusa litamwagika mbele ya watu hawa wote, na utalijibu hilo mbele ya Mungu na mbele ya serikali."

"Nyinyi watu ya kusoma iko na jibu ya kila kitu."

"Dada yako alikatwa na jembe. Ugonjwa ule unaingia kwa kidonda."

"Jembe imekata watu wangapi Lobule? Mimi mwenyewe imenikata!" Alivuta suruali akaonyesha kovu. "Mbona mdomo yangu iko wazi? Kuna mtu alisema sokoni mdomo itafunga. Si jembe ilisema. Mtu!"

Wanaume walianza kusimama. Nilisikia mmoja akisema kwa Kikakwa neno nililolijua, neno la kufukuza. Niliukaza mkono wangu nyuma ya kichwa nilichokuwa nikikilinda.

Ndipo Mariam akaanza kusema. Hakuinua sauti. Alisema kama anayezungumza na mtu aliye jikoni mwake.

"Afisa. Nimefika. Nimechelewa, wameniweka bati usoni, ungeona ungecheka. Kutoka Kongo ulinishika mkono. Kila shimo ulisema, shimo. Kila jiwe ulisema, jiwe. Mahali moja ulinyamaza makusudi, nikaanguka kwenye matope, ukacheka mpaka ukakaa chini na wewe, tukakaa wawili kwenye matope kama bata. Unakumbuka? Ndege ilikuwa na miguu tatu. Ni kweli. Ilikuwa mbaya sana ile ndege. Mimi sikuona, na sikutaka uniambie mbele ya watu. Neno nililosema, mdomo ilisema. Roho haikusema. Sasa nani ataniambia shimo?"

Hapo nikahisi kichwa chake kikiwa kizito mkononi. "Usifinye," nilimnong'oneza. "Pumua." Alifungua mdomo akavuta pumzi, akavuta tena. Uso wake ulibaki umetulia kama uso wa mtu anayesikiliza.

Onzima, shangazi yake Afisa, mama mzee kuliko wote pale, alikuwa ameketi ng'ambo ya kaburi, akimwelekea. Alijikokota kwa magoti akaja karibu sana.

"Hii jicho," alisema, akielekeza kidole kushoto. "Si ndiyo ile ilikufa Kongo?"

"Ndiyo, mama," alisema Mariam.

"Mbona inalia?"

Wanawake walisogea. Kutoka katika lile jicho jeupe, lililokauka miaka kumi, machozi yalikuwa yakimwagika bila kukoma, yakipita shavuni hadi kidevuni, yakidondokea udongo. Mariam mwenyewe hakuwa amejua. Aliupeleka mkono wake, akaushusha ukiwa umelowa, akavisugua vidole kwa mshangao kama wengine.

Nilisema kwa lugha nyepesi niliyoiweza. Kilichokufa ni kioo cha mbele. Kisima cha machozi kiko juu, nje ya jicho, na majani ya Kongo hayakukifikia. Sijui ni wangapi walinisikiliza. Onzima hakunisikiliza. Alipitisha kiganja chake kwenye shavu la Mariam, akaupaka unyevu ule kwenye udongo wa kaburi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye magogo:

"Amelia."

Kisha akavuta kibuyu. Kwetu mtu hanywi maji ya anayeshukiwa. Hata kivuli cha mkono wake juu ya kikombe kinaogopwa. Onzima alikunywa, akajifuta mdomo, akakinyosha kibuyu kwa Tahiru.

Tahiru alikitazama. Alimtazama shangazi yake, akalitazama lile jicho la kushoto ambalo bado lilikuwa likitoa maji. Boma zima lilikuwa likitazama koo lake. Alikichukua kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja, akangoja, kana kwamba anayasikiliza maji yakishuka. Halafu akakiinua tena na kukimaliza.

"Maji iko baridi," alisema, akaenda kuketi.

Nilipumua. Nililegeza mkono. Na wakati huo huo, jambo likiwa limekwisha, hakuna tena aliyemdai kitu, Mariam aliinama. Aliliweka paji la uso wake juu ya udongo wa Afisa, mara moja, akakaa hapo kwa muda wa pumzi. Nilipomwinua alikuwa amekunja uso kwa maumivu.

"Dada! Kwa nini sasa?"

"Ile ingine ilikuwa ya watu," alisema. "Hii ni ya yeye."

Barabara ya kurudi Arua ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kupita. Chini ya pamba jicho lilikuwa likichoma na kutoa maji. Mimi niliona akilini mwangu lile pazia lililolowa likichomoza kwenye mshono, niliona ukungu wa milele, niliona wifi yangu akiongozwa na fimbo. Daktari alipokuwa akifungua kitambaa nilisimama ukutani, na nakiri kwamba sikuwa nikimwangalia Mariam. Nilikuwa nikimwangalia yeye daktari usoni.

Alichungulia kwa muda mrefu na tochi yake.

"Fundo moja limekatika," alisema hatimaye. "Pazia limevutwa kidogo kwenda juu, limenaswa. Mengine yameshika."

"Moja-moja," alisema Mariam. "Nilikwambia."

Jicho lilipona polepole. Walipompa miwani minene kama vitako vya chupa, aligeuza kichwa pande zote, akiitazama dunia iliyokuwa imekua kubwa na karibu. Alinitazama mimi. "Wifi, umezeeka," alisema, nami sikukasirika. Kisha aliomba kioo.

Mboni yake haikuwa tena duara. Ilikuwa na umbo la tone la maji, nyembamba juu, pana chini, mahali palipovutwa na mshono uliokatika. Itabaki hivyo, daktari alimwambia, lakini haitazuia kuona. Mariam alijiangalia kwa muda mrefu, akasogeza kioo, akakirudisha.

"Huyo ni Afisa," alisema. "Hakuondoka bila kuchukua kitu yangu."

Alirudi Lobule, kwenye nyumba yake, ambayo hakuna aliyeibomoa. Aliishi huko akidarizi hadi alipofariki, na Tahiru alikuwa miongoni mwa waliombeba. Shuka la mwisho alilolitengeneza liko kwangu, limekunjwa sandukuni. Lina ndege wawili wanaotembea wakifuatana. Yule wa mbele ana miguu miwili. Yule wa nyuma, kwa makusudi kabisa, ana mitatu.